Tuliliokoa Jengo, Tukaipoteza Nyumba

Fundi alikandamiza kidole gumba ukutani, kikazama mpaka kwenye kiungo cha kwanza. Hakutumia nguvu. Lipu ya saruji iliyopakwa juu bado ilikuwa ngumu, ukiigonga inalia, lakini pale ilipomeguka tuliona kilichokuwa nyuma yake: chokaa iliyolowa miaka na miaka hadi ikawa mchanga mbichi. Akauchota, akaniwekea kiganjani. "Huu ndio uliokuwa ukuta," akasema.

Tulikuwa ghorofa ya pili ya jengo ambalo miaka tisa nyuma mimi na wenzangu tulilipigania kufa na kupona. Mwenye nalo alitaka kulibomoa ajenge fleti. Sisi tukakusanya saini, tukajaza vikao, tukaandika barua, tukapiga picha za kila dirisha na kila nakshi ya mlango. Tukashinda. Jengo likaingizwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, na ombi la kulibomoa likakataliwa. Nakumbuka jioni ile tulivyosimama barabarani tukilitazama, tukipeana mikono kama ndugu wa mgonjwa aliyeambiwa amepona. Kisha kila mmoja akarudi kwake.

Ndani mlikuwa na familia sita. Kodi yao ilikuwa ndogo, na mwenye nyumba, baada ya kunyimwa alichokitaka, hakuona sababu ya kutoa hata senti moja kwa ajili ya paa. Bati lililong'oka halikurudishiwa. Familia ya kwanza ilihama msimu wa mvua uliofuata, ya mwisho ikahama mwaka wa nne. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo: sheria ilimkataza mwenye nyumba kubomoa, haikumlazimisha kukarabati. Mvua ikaifanya kazi ambayo tingatinga lilinyimwa.

Kazi yangu ni kupima majengo ya zamani na kuyachora kabla mafundi hawajaanza kuyagusa. Nayapenda, na sitaomba radhi kwa kuyapenda. Lakini tangu siku ile ya mchanga kiganjani sijaweza tena kuukubali ule ubishi tuliouzoea, upande huu walinzi wa majengo ya kale, upande ule wanaotaka nyumba mpya, kana kwamba mji ni kamba ya kuvutana. Pande zote mbili zinabishania jengo. Wanaolala ndani yake, na wale wanaotafuta pa kulala, hawatajwi mpaka kikao kimekwisha.

Jengo la zamani halifi ghafla, ingawa habari zake hutufikia hivyo: "jengo limeporomoka". Huanza na kitu kidogo cha aibu, majani yaliyoziba mfereji wa paa. Maji yakikosa njia hufurika na kushuka ukutani, mahali pale pale, kila mvua. Yakifika kwenye kichwa cha boriti, pale inapoingia ukutani, boriti huanza kuoza kwenye sehemu ambayo hakuna anayeiona. Sakafu inalegea kidogo. Boriti hizo hazibebi sakafu tu, zimefunga kuta mbili zisiachane, kwa hiyo zikioza ukuta wa mbele huanza kutoka tumbo. Anayeishi ndani huliona mapema: mlango unakwama, kabati linainama, dari lina doa jipya lenye umbo la jani. Hupiga kelele, au hupanda mwenyewe akaondoa majani. Nyumba isiyo na mtu haina wa kupiga kelele.

Halafu kuna saruji. Ukuta wa mawe uliojengwa kwa chokaa unapumua. Hunywa unyevu na kuutoa, mwaka mzima, bila madhara. Chokaa ni laini, hivyo ukuta ukisogea kidogo nayo husogea nao. Anakuja mtu mwenye nia njema, anaona lipu imechakaa, anapaka saruji kwa sababu ni ngumu, inapatikana haraka na kila fundi anaijua. Kwa miaka miwili mitatu jengo linapendeza. Lakini sasa maji yaliyomo ndani hayana pa kutokea, na yanayoingia kwenye nyufa hayarudi nje. Ukuta unaoza ndani ya koti lake. Nimeona majengo mengi yakifia ndani ya koti hilo, na mara nyingi waliolivisha walidhani wanayatunza.

Wataalamu wa uhifadhi walishaliona zamani jambo hili la nyumba kuhitaji watu ndani yake. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao hadi leo ndio msingi wa kazi hii duniani, unasema katika kifungu chake cha 5 kwamba kuyahifadhi majengo hurahisishwa kila yanapotumika kwa jambo lenye manufaa kwa jamii. Kipo kwenye waraka wenyewe, tena mapema, lakini vikaoni sikukumbuka hata mara moja kukitaja. Tulikuwa tunataja nakshi.

Na kuorodheshwa peke yake hakushikilii ukuta. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na ndani yake jengo maarufu kuliko yote ni Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jengo hilo iliporomoka, huku kazi ya kulikarabati ikiwa tayari imeanza. Watu walikufa. Yeyote anayefanya kazi kama yangu aliisoma habari ile akijua kwamba maporomoko ya siku moja yana historia ya miaka mingi ya maji.

Sasa niseme na upande wa pili, maana nao nimekaa nao.

Miaka michache baada ya ushindi wetu, palikuwa na pendekezo la kujenga fleti za ghorofa tano kwenye kiwanja kitupu kilichopakana na safu ya nyumba za kale. Nilikwenda kikaoni na karatasi yenye pingamizi kumi na nne. Nilizisoma moja moja. Baada yangu wakaongea wengine, wote wakiwa wakazi wa eneo hilo, wote wakiwa na nyumba zao. Ikawa saa nzima. Ndipo akasimama kijana mmoja nyuma kabisa, mtoto amelala begani kwake.

"Nimewasikiliza wazee wangu," akasema. "Mmetaja madirisha, mmetaja kivuli, mmetaja vigae, mmetaja maegesho. Mimi na mke wangu na watoto wawili tunaishi chumba kimoja, na kwenda kazini ni saa mbili kwa basi. Katika hesabu yenu mimi niko wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Mwenyekiti akamshukuru na kumpa nafasi mtu mwingine.

Nilirudi nyumbani nikaikunjua ile karatasi yangu. Kati ya pingamizi kumi na nne, tatu zilihusu urithi kweli. Ya kwanza: msingi wa jengo jipya ungechimbwa kando kabisa ya ukuta wa kale. Nyumba hizi za zamani hazina msingi wa kina. Nyingine zimesimama juu ya mawe yaliyopangwa kwenye mtaro usiofika hata magotini. Ukichimba mtaro mrefu kando yake kwa mkupuo, udongo uliokuwa ukiubana msingi huo unalegea na ukuta unafuata. Ya pili: maji ya paa jipya yangeelekezwa wapi? Ya tatu: ghorofa ya juu ingeziba mwanga wote wa ua mmoja wenye watu. Zile kumi na moja zilizobaki zilikuwa ladha yangu. Sikupenda rangi. Sikupenda aina ya madirisha. Niliandika "mandhari" mara tano.

Nikaandika upya, nikapeleka tatu tu. Zikakubaliwa zote. Ghorofa ya juu ikarudishwa nyuma ili ua upate jua, maji yakapewa njia yake mpaka kwenye mfereji wa barabara, na msingi ukachimbwa vipande vifupi vifupi, kimoja kikijazwa kabla ya kingine kufunguliwa. Kwenye nyufa za ukuta wa jirani mafundi waligundisha vipande vyembamba vya kioo na kuandika tarehe. Ni mbinu ya zamani: ukuta ukisogea hata unywele, kioo kinavunjika. Nilipita pale kila wiki kuvitazama. Vilibaki vizima vyote hadi jengo lilipokwisha, na fleti zile sasa zina watu.

Nakubali basi, bila kumung'unya maneno, kwamba neno "urithi" limetumika kama ufunguo wa kuwafungia wengine nje. Mtaa mzima ukitangazwa eneo la uhifadhi, bila kuchagua, kila kibanda kilichomo kinapata heshima ya hekalu, na aliyekwisha kuwa na nyumba ndiye mlinzi wa lango. Nyumba zinabaki zile zile, wanaozitaka wanaongezeka, kodi inapanda. Wa kwanza kung'oka ni wale wale tuliosema ndio roho ya mtaa: fundi viatu, mwalimu mstaafu, mjane wa ghorofa ya juu. Kuta zinabaki. Ukipita jioni unaona madirisha mengi hayana taa, kwa kuwa vyumba vimekuwa vya wageni wa usiku mbili au vimenunuliwa na watu wasiokaa humo.

Hata hivyo siwezi kusema tuache kila kitu kibomolewe, kwa sababu najua kilichotokea New York. Stesheni ya Pennsylvania ilifunguliwa mwaka 1910, ukumbi wake wa kusubiria ukiwa na dari za juu zilizoiga mabafu ya Warumi. Mwaka 1963 wakaanza kuivunja, kihalali kabisa, maana haikuwapo sheria ya kuizuia. Hasira ya watu ikazaa, mwaka 1965, sheria ya jiji ya kulinda majengo ya kihistoria na tume ya kuisimamia. Miaka michache baadaye kampuni ya reli ikataka kujenga mnara mrefu juu ya stesheni nyingine, Grand Central. Tume ikakataa. Kesi ikaenda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1978 mahakama ikaupa mji ushindi: kulinda jengo hakukuwa kumnyang'anya mwenye mali.

Watu hulikumbuka jina la kesi na kusahau sehemu niipendayo mimi. Mahakama iliona uzito katika jambo hili: kampuni ilizuiwa kujenga juu ya stesheni, lakini haki yake ya kujenga haikufutwa, iliweza kuihamishia kwenye viwanja vya jirani. Utaratibu wenyewe ni rahisi kuueleza. Kila kiwanja kina kiasi cha mita za mraba kinachoruhusiwa kujengwa. Jengo la kale ni fupi, limetumia sehemu tu ya kiasi hicho. Ile iliyobaki, ile hewa iliyo juu ya paa, mwenye jengo anaweza kuiuza kwa mwenye kiwanja kingine, naye akaongeza ghorofa zake huko. Jengo la kale linabaki, mwenye nalo anapata fedha, na ghorofa zinajengwa hata hivyo, ila mahali pengine. Laiti lile jengo letu lingekuwa na njia kama hiyo. Tulimwambia mwenye nyumba "hapana" tukaondoka, tukamwachia paa linalovuja na kodi ndogo. Na mji ukitumia njia hii sharti langu ni moja: fedha hizo zianze kwa kuziba paa, kabla hazijaingia mfukoni kwa mtu.

Swali la wapi pajengwe juu na wapi pasijengwe lina majibu mengi duniani, na mji unaolijibu mapema hupata amani kuliko unaolijibu kiwanja kwa kiwanja. Paris ilijenga mnara wa Montparnasse, wa mita 210, ukakamilika mwaka 1973, watu wengi wakauchukia, na mwaka 1977 mji ukaweka kikomo cha mita 37. Minara ikapewa pahala pake nje ya mpaka wa mji, La Défense. London imefanya kwa njia nyingine, inalinda mistari ya macho kuelekea kuba la kanisa la St Paul's, mmoja ukianzia kwenye kilima cha Richmond, zaidi ya kilomita 15 kutoka kanisani. Jengo la Leadenhall, lenye mita 225, limeegemezwa nyuma upande mmoja ili kuba lionekane vizuri kutoka mtaa wa Fleet. Napenda wazo la mnara unaopisha. Ila ofisi ndizo zilizomo humo, na Paris yenyewe, pamoja na uzuri wake uliolindwa, imekuwa na bei ambazo wengi wanaoihudumia mchana hawazimudu usiku. Mandhari ililindwa vizuri mno. Makazi yalihitaji mpango wake.

Mji ambao naurudia kila ninapokata tamaa ni Bologna.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katikati ya Bologna palikuwa pamechakaa kama miji mingi ya Italia, na desturi ya wakati huo ilikuwa ama kubomoa, ama kukarabati kwa ajili ya matajiri na kuwapeleka maskini kwenye fleti mpya pembezoni. Mji, chini ya mpango ambao msanifu Pier Luigi Cervellati alikuwa mmoja wa viongozi wake, ukafikiri kinyume: fedha za umma za kujengea nyumba za watu wa kipato cha chini zisiende mashambani, zitumike kukarabati nyumba za kale na watu wale wale wabaki ndani yake. Walipozipima nyumba hizo waligundua kwamba nyingi zilikuwa za aina chache zinazojirudia, nyembamba mbele na ndefu kwenda nyuma, na ngazi zake zikiwa mahali palepale. Ukishazielewa aina hizo unajua ukuta upi unaweza kuondolewa na upi haugusiki, wapi pa kuweka choo na jiko la kisasa. Na pale palipokuwa na pengo, nyumba iliyokwisha kuanguka, walijenga mpya kwa kufuata aina ile ile. Uhifadhi na nyumba mpya katika mpango mmoja, kwenye mtaa mmoja.

Familia zilihamishiwa kwa muda kwenye nyumba zilizo jirani, kazi ikafanyika, zikarudi. Haikuwa rahisi. Wazo la mji kuzichukua nyumba kwa nguvu lilipingwa vikali likaachwa, badala yake wakaingia makubaliano na wenye nyumba: mji unachangia ukarabati, nawe unawarudisha wapangaji kwa kodi tutakayokubaliana. Nyumba zilizokarabatiwa kwa utaratibu huo zilikuwa chache kuliko ndoto yenyewe. Lakini hebu litazame sharti lile. Mchango wa umma umefungwa kwa mtu, na mwenye nyumba anajua kwamba bila mtu yule kurudi, hakuna fedha. Hata leo ukarabati mwingi ninaoufanyia vipimo hauna sharti hilo. Fedha zinatolewa, kuta zinapona, na mkataba mpya wa kodi unamsubiri mpangaji mlangoni.

Kuna jambo ambalo hunipa subira ninapokaa na watu wa nyumba mpya. Edinburgh ina mtaa unaoitwa New Town, yaani Mji Mpya. Ulianza kujengwa mwaka 1767, kwa ramani ya kijana aitwaye James Craig, kwa sababu Mji wa Kale ulikuwa umefurika, majengo yamepandishwa ghorofa juu ya ghorofa. Ulikuwa mradi wa nyumba, viwanja vilivyopimwa na kuuzwa. Tangu mwaka 1995 umo kwenye orodha ya urithi wa dunia, pamoja na ule Mji wa Kale uliokuwa ukikimbiwa, na bado unaitwa Mpya.

Au chukua Karl-Marx-Hof mjini Vienna, lililokamilika mwaka 1930. Fleti 1,382 ndani ya jengo lenye urefu unaozidi kilomita moja, lililojengwa na manispaa kwa ajili ya wafanyakazi, likiwa na nyua kubwa, mabafu na sehemu za kufulia. Leo linalindwa na sheria kama jengo la kihistoria, na watu bado wanaishi humo. Waliolijenga walitaka watu wapate jua na maji ya kuoga. Huwa nalitaja vikaoni kwa sababu linazibana pande zote mbili: wanaosema nyumba za umma haziwezi kuwa urithi, na wanaosema urithi hauwezi kulaza watu. Nalitaja pia kwa waendelezaji wanaoleta michoro ya vyumba visivyo na dirisha la kutosha. Nawauliza kama kuna atakayekusanya saini kulitetea jengo lao miaka tisini ijayo. Wengine huudhika. Mmoja alirudi na michoro mingine.

Hoja inayonivuta zaidi siku hizi, hata hivyo, inahusu majengo ambayo hakuna anayeyaita mazuri. Huko Bordeaux, Ufaransa, palikuwa na majengo matatu makubwa ya fleti ya miaka ya 1960, mtaa wa Grand Parc, nyumba 530. Majengo ya namna hii Ufaransa ilikuwa ikiyabomoa kwa wingi. Wasanifu Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal, na wenzao, wakayapima wakaona zege yake ni nzima. Badala ya kubomoa waliunganisha upande wa mbele bustani za kioo na roshani, kina chake karibu mita nne, dirisha dogo la zamani likawa mlango mpana. Wapangaji hawakuhama, kazi ilifanyika wakiwamo. Ilikamilika mwaka 2017, ikapata tuzo ya Ulaya ya usanifu mwaka 2019, na mwaka 2021 wawili hao wakapewa Pritzker, tuzo ya heshima kubwa kwa wasanifu duniani.

Nayataja haya kwa sababu kubomoa kuna gharama ambayo haimo kwenye michoro. Utengenezaji wa saruji peke yake unachangia karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Ukuta uliosimama, wa kale au wa juzi, moto wake umeshawaka na moshi wake umeshakwenda. Ukiuvunja na kujenga mwingine unauwasha upya. Kwa hiyo swali langu la kwanza nikifika kwenye jengo lolote sasa ni kama mifupa yake ni mizima, na kama inaweza kubeba mtu mmoja zaidi: ghorofa nyepesi juu ya paa, chumba uani, ofisi tupu iliyogeuzwa makazi.

Kubakiza uso wa mbele tu na kumwaga zege nyuma yake, huko mimi sina hamu nako. Ni kuvaa ngozi ya marehemu. Nafanya hesabu tofauti kwa majengo ambayo tangu mwanzo hayakuwa na kitu ndani, kama yale matangi manne ya gesi ya Vienna, ya matofali, yaliyojengwa kati ya 1896 na 1899, ambayo mwaka 2001 yalifunguliwa yakiwa na zaidi ya fleti 600. Gesi haikuwa na ngazi wala majiko ya kuhifadhi.

Ninachokitetea sasa kimepungua ukubwa na kuongezeka uzito. Tuchague majengo machache kuliko tulivyozoea, na kila tunalolichagua lije na fedha ya paa, na mkaguzi wa mfereji kila mwaka, na mamlaka ya kuingia na kulikarabati kwa gharama ya mwenye nalo akilitelekeza makusudi. Na wanaoishi humo waandikwe kwenye karatasi ile ile ya ulinzi. Kwingine kote kujengwe, tena kwa wingi, na sisi wapenda vya kale tuache kujificha nyuma ya neno mandhari. Najua wenzangu wengine wataniona nimewasaliti. Tulisimama wote barabarani jioni ile. Lakini mimi ndiye niliyewekewa mchanga kiganjani.

Mwezi uliopita niliitwa kupima nyumba nyingine, mitaa miwili kutoka pale. Zamani ningeanza na uso wa mbele: madirisha, vipimo vya milango, nakshi. Safari hii ukurasa wa kwanza wa daftari niliugawa kwa vyumba, na kwenye kila chumba nikaacha nafasi ya majina. Ghorofa ya juu alinifungulia bibi mmoja, akaniangalia nilivyoshika utepe na kalamu.

"Umekuja kutuhamisha, mjukuu wangu?"

"Hapana, bibi. Nimekuja kuandika mnakaa wangapi."

Akanitajia: yeye, binti yake, wajukuu wawili. Kisha akanishika mkono akanipeleka chumba cha nyuma, akanionyesha doa kwenye dari na, chini yake, alama za miguu ya kitanda sakafuni, jozi mbili, moja ukutani na nyingine katikati ya chumba. Mvua ikianza, akasema, wanakivuta hadi pale. Nikapima umbali kati ya alama na alama, sentimita 90, nikauandika.